Sura ya Sita: Kinywa Kisichopitisha Chakula

"Mtoto hali kitu kwa mdomo, daktari. Sasa nimpigishe mswaki wa nini?"

Swali hili huulizwa na akina mama, na mabibi, na mara nyingine na muuguzi wa wodini, wala si swali la kijinga. Tangu darasa la kwanza tumeimbishwa kwamba meno husafishwa kwa sababu ya chakula: mabaki yananasa, wadudu wanakula, jino linatoboka. Mtoto anayelishwa kwa mpira, uwe wa puani au wa tumboni, hana mabaki. Uji mwepesi unavutwa kwa bomba la sindano, unasukumwa polepole, unateremka tumboni, na mdomo haujui hata kama kumepikwa. Kwa hiyo siku kijiko na kikombe chake vinapowekwa kabatini, mswaki nao unavifuata.

Hoja hiyo ni nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Mwaka 1950 watafiti watatu wa Marekani, Kite, Shaw na Sognnaes, walichapisha jaribio walilofanya kwa panya. Walikuwa na chakula chenye sukari nyingi ambacho kilijulikana kuozesha meno. Panya wengine waliachwa wakile kwa kawaida, wengine wakapewa chakula kilekile kwa mpira hadi tumboni. Waliokula kwa mdomo walitoboka meno. Waliolishwa kwa mpira hawakupata tundu hata moja. Ikawa wazi kwamba sukari huliharibu jino kwa kuligusa, si kwa kuingia mwilini. Watoto nao ndivyo walivyo. Mtoto anayelishwa kwa mpira tu, asiyeonjeshwa kitu, mara nyingi hana meno yaliyooza. Mtaalamu anayemulika kinywa chake akitafuta matundu hayaoni, anaandika kwamba meno ni mazima, na mama anaondoka amefarijika.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1965, Jan Egelberg wa Uswidi alifanya jambo linalofanana na hilo kwa mbwa, ila yeye hakutafuta matundu, alitazama fizi. Mbwa waliolishwa kwa mpira walijenga utando mchafu juu ya meno, ule tunaouita ukoga, na fizi zao zikavimba sawasawa na za wenzao waliokula. Bakteria wa fizi hawasubiri uji wako. Wanaishi kwa protini zilizomo kwenye mate na kwa majimaji yanayochuruzika kati ya jino na ufizi, na hivyo viwili havikatiki hata siku moja, mtoto ale au asile.

Majibu ya panya yanajulikana na karibu kila mtu. Ya mbwa yamebaki kwa wataalamu.

Kwa mtoto anayekula, ukoga haupati raha. Ugali unausugua, muwa unaukwangua, ulimi unazunguka kutafuta kipande kilichonasa shavuni, mate mengi mapya yanamwagika kila anapotafuna na kumezwa yote. Kwa mtoto wa mpira hakuna kati ya hayo. Ulimi umetulia, mashavu yametulia, mate yanakuwa mazito. Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la ajabu zaidi katika habari hii yote: kwa kuwa hakuna sukari ya kuchachushwa, kinywa hakipati tindikali. Ukosefu wa tindikali ndio unaomwepusha mtoto na matundu. Lakini madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo kwenye mate, yasipokutana na tindikali ya kuyayeyusha, hutua juu ya ukoga na kuugandisha, kama chokaa inavyojijenga ndani ya birika la chai. Ukoga ukiganda hivyo ndio ugaga. Kilichomwokoa na meno kutoboka ndicho kinachomjengea jiwe mdomoni.

Kasi yake inashangaza. Ugaga unaweza kuanza kuganda ndani ya siku chache tu, na mtoto aliyekwanguliwa vizuri akatoka kliniki na meno meupe anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa akiwa nao tena. Wazazi wengi hudhani mtaalamu amelipua kazi. Hajalipua.

Inua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba, mahali penye mwanga, utazame. Kwa mtu anayekula, ugaga hukaa hasa sehemu mbili zilizo jirani na mifereji ya mate: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu. Kwa mtoto wa mpira utaukuta hapo, kisha utaukuta mahali ambapo kwa mtu anayetafuna haukai kabisa, yaani juu ya magego yenyewe, kwenye uso wa kutafunia. Una rangi ya njano inayoelekea kahawia, mkwaruzo kama ganda la chaza, na wakati mwingine umefunika jino zima hadi huoni mpaka wa jino na ufizi. Ufizi unaouzunguka ni mwekundu, umetuna, na ukiugusa kwa pamba unaacha damu. Harufu ya kinywa ambayo familia ilishaizoea ikidhani ni ya ugonjwa wa mtoto, asili yake iko hapo.

Ingekuwa ni fizi na harufu tu, sura hii ingekuwa fupi. Tatizo ni kwamba mpira unakikwepesha chakula njia ya koo, lakini mate hayapiti kwenye mpira. Mate yako palepale, usiku na mchana, na mtoto ambaye koo lake halifanyi kazi sawasawa anapaliwa nayo. Wengi wao hawakohoi wanapopaliwa. Mate huingia kwenye njia ya hewa kimyakimya mtoto akiwa amelala. Kilichomo kwenye mate hayo kinategemea hali ya kinywa. Ukoga uliorundikana kwa miezi ni makazi ya bakteria wengi, na katika vinywa vya watu wanaolishwa kwa mpira wamewahi kukutwa hata wale wakaidi wa wodini kama Pseudomonas na Klebsiella, ambao kwa kawaida hawana makao mdomoni.

Ushahidi mzuri kuhusu jambo hili umetoka kwa wazee. Mwaka 1999 Takeyoshi Yoneyama na wenzake wa Japani walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya miaka miwili kutoka nyumba za kutunzia wazee. Wazee wa kundi moja walisuguliwa meno na wahudumu baada ya kila mlo na kutazamwa na wataalamu wa meno. Wa kundi la pili waliachwa na utaratibu wao wa kawaida. Walioachwa waliugua nimonia asilimia 19, waliosafishwa asilimia 11. Mtoto si mzee, na sitajifanya kwamba tarakimu hizo ni zake. Ila njia ya mate kwenda mapafuni ni ileile, na kwa watoto wenye mtindio wa ubongo mkali, maradhi ya mapafu ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za kifo. Mtoto anayelazwa kwa nimonia kila baada ya miezi michache, akapigwa picha ya kifua, akachomwa sindano, akaruhusiwa, anastahili mtu mmoja amfungue mdomo.

Mbona haya hayakusemwa zamani? Sehemu ya jibu ni kwamba watoto hawa zamani hawakuishi. Martin Stamm, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza mwaka 1894 namna ya kufungua tundu kwenye tumbo na kulishonea mpira, na njia yake bado inatumika katika hospitali zetu, mara nyingi kwa mpira uleule wa kutolea mkojo, kwa sababu ndio uliopo stoo. Mwaka 1979 mjini Cleveland, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky walimwekea mtoto wa miezi minne na nusu mpira wa tumboni bila kumpasua, wakiongozwa na kifaa cha kumulikia kilichopitishwa kinywani. Wakaitangaza njia hiyo mwaka uliofuata, ikaenea. Tangu hapo mtoto anaweza kulishwa kwa mpira miaka kumi, akaota meno ya utoto yote ishirini na kuyabadilisha, bila kumeza kijiko kimoja. Elimu ya kumtunza tumbo ilienda na mpira. Anayepewa mpira hospitali hufundishwa kuusuuza, kukisafisha kidonda, kupima uji. Kinywa hakimo kwenye maelekezo, nadhani kwa sababu daktari wa tumbo anakiona ni cha daktari wa meno, na daktari wa meno hajawahi kumwona huyo mtoto.

Huku kwetu watoto hawa ni wa aina kuu mbili, na wanatofautiana sana. Wa kwanza ni yule mwenye mtindio wa ubongo niliyekuwa nikimzungumzia, ambaye misuli ya mdomo na koo haimtii. Wa pili alizaliwa mzima. Nyumbani au kwa jirani kulikuwa na kazi ya kutengeneza sabuni, kostiki ikayeyushwa na kuwekwa kwenye chupa ya maji au ya soda, mtoto wa miaka miwili au mitatu akaipiga funda. Umio ukaungua, ukapona kwa kovu, kovu likakaza hadi maji yakashindwa kupita. Mtoto huyu anakimbia, anaongea, anakwenda shule na mpira wake chini ya shati na kikopo cha kutemea mate mkononi, huku akisubiri kupanuliwa umio awamu kwa awamu. Yeye anaweza kupiga mswaki mwenyewe na kutema. Anachohitaji ni kuambiwa tu kwamba afanye hivyo, na kuambiwa kweli, maana hata yeye huacha. Hatari yake kubwa inakuja baadaye, umio ukifunguka. Familia iliyomwonea huruma kwa mwaka mzima sasa inamwonjesha juisi, asali, soda, uji wenye sukari, kidogo kidogo kutwa nzima, kwa kuwa ndivyo vinavyopita. Kinywa kilichokuwa salama na matundu kinaanza kutoboka kwa fujo. Kuonja kwake kuwekewe saa maalumu, na baina ya saa hizo apewe maji.

Turudi kwa yule wa kwanza, maana kazi iko kwake.

Usimguse kinywa tumbo likiwa limejaa. Subiri nusu saa baada ya kulisha, saa nzima ni bora zaidi, la sivyo utamtapisha. Asilale chali. Mkalishe ameegemea kifua chako, wewe ukiwa nyuma yake, kichwa kikiwa wima na kidevu kimeelekea chini kidogo. Kichwa kikienda nyuma, koo linafunguka na kila kitu kinateremka kisikotakiwa. Asiyeweza kukaa alazwe ubavu, shavu juu ya taulo, ili mate yatiririkie nje yenyewe. Mkono wako mmoja unashika kidevu kwa uthabiti, kidole kimoja kikishusha mdomo wa chini. Mkono wa pili una mswaki mdogo wenye nywele laini, uliochovywa maji na kukung'utwa. Dawa ya meno yenye floraidi ipakwe nyembamba, kiasi cha punje ya mchele, na ikipatikana isiyotoa povu jingi ndiyo nzuri. Sugua mahali jino linapokutana na ufizi, jino baada ya jino, halafu nyuso za kutafunia, halafu ulimi. Kila baada ya muda mfupi simama ufute mate na povu kwa kitambaa safi au shashi. Penye mashine ya kufyonza mate, itumie. Hakuna kusuuza kwa maji.

Wengi hukwama kwenye kung'ata. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kufunga taya ghafla bila kukusudia, na hawezi kuachia kwa kuambiwa. Ukiuvuta mswaki kwa nguvu, taya linakaza zaidi. Uache palepale, mtulize, subiri lilegee lenyewe. Kidole chako kisiingie kati ya meno yake hata siku moja. Kuweka mdomo wazi, chukua vijiti vitatu au vinne vya mbao vile vya kubonyezea ulimi, vizungushie shashi, vifunge kwa plasta, uviweke kati ya magego ya upande mmoja huku ukisugua upande wa pili.

Wengine hawang'ati ila wanapiga kelele na kugeuza kichwa mswaki ukiwa bado mbali. Watu husema mtoto ni mkorofi. Fikiria kinywa hicho kimekutana na nini tangu kuzaliwa: mipira ya puani, mpira wa kufyonza makohozi, dawa chungu, vidole vya watu wageni. Usianzie mdomoni. Anza na mikono yake, panda mabegani, shingoni, mashavuni, kwa kiganja kinachobonyeza, si kwa ncha za vidole zinazotekenya, maana mguso mwepesi ndio unaomkera zaidi. Siku akivumilia mashavu, nenda midomoni. Akivumilia midomo, pitisha kidole juu ya ufizi wa mbele, kwa nje ya meno, mara tatu, uache. Hesabu kwa sauti au imba wimbo uleule kila siku ili ajue mwisho uko wapi, na wimbo ukiisha nawe uache, hata kama kazi haijaisha. Inaweza kuchukua wiki nyingi kabla mswaki haujaingia. Ni wiki ambazo wazazi huona wanapoteza muda, nami naona hazina mbadala.

Damu ikitoka, endelea. Ufizi unatoka damu kwa sababu ya ukoga, na kuacha kusugua ni kuurutubisha. Ukisugua taratibu kila siku, damu hupungua katika wiki moja au mbili. Isipopungua, au ikitoka bila kuguswa, hilo ni la hospitali.

Mswaki huzuia ugaga, hauuondoi. Ukishaganda unataka kifaa cha mtaalamu. Usiukwangue kwa pini wala sindano, na uniwie radhi kwa kuutaja mkaa, lakini unga wa mkaa mdomoni mwa mtoto anayepaliwa ni unga wa mkaa mapafuni. Limau nalo linakula jino lenyewe. Dawa ya kusukutulia ya kloheksidini inasaidia fizi kwa muda mfupi, ikipakwa kwa shashi na kwa maelekezo ya daktari. Ikitumiwa miezi inatia meno madoa na kuongeza ugaga uleule unaoukimbia.

Dawa anazopewa kwa mpira hazigusi meno, lakini baadhi hurudi kwa njia ya damu. Fenitoini ya kifafa hukuza fizi kwa karibu nusu ya wanaoitumia, hadi ufizi kupanda juu ya jino. Kinywa kikiwa safi, fizi hukua kwa kiasi kidogo tu. Kuiacha kwa uamuzi wako ni kukaribisha degedege. Zungumza na daktari kuhusu dawa nyingine. Dawa za kupunguza udenda, kama triheksifenidili, hukausha mate, na midomo ikikauka hupasuka: paka mafuta. Na kama mtoto anacheua mara kwa mara, asidi ya tumbo itakula meno ya juu kwa upande wa ndani, ambako hakuna anayetazama. Akitapika, mfute kinywa kwa kitambaa chenye maji, ila mswaki ungoje saa moja, kwa sababu jino lililolowana asidi ni laini.

Jambo jingine, kwa wasomaji wa Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Floraidi iliyozidi majini hutia meno ya kudumu rangi ya kahawia wakati bado yanajiumba ndani ya taya, na hufika huko kwa damu. Maji ya mpira ni maji. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kama ya kwenu yamezidi, mtoto wa mpira naye atafutiwe maji yaleyale mnayowatafutia wenzake.

Kwa mtaalamu aende kila baada ya miezi mitatu hivi, ugaga wake ukiwa mwepesi wa kurudi. Katika hospitali nyingi za wilaya utampata tabibu wa kinywa na meno, na kazi hii anaiweza. Mwambie mapema, kabla hajamlaza mtoto kwenye kiti: hamezi, anapaliwa, ana kifafa, anatumia dawa hizi. Mashine ya kukwangua inayorusha maji si ya mtoto huyu mpaka pawepo kifyonzi chenye nguvu na mtu wa kukishika. Vifaa vya mkono vinachukua muda mrefu lakini havimwagi maji kooni, na kila kipande cha ugaga kinachobanduka kinadakwa kabla hakijaanguka. Akae nusu wima. Asipotulia kabisa, itabidi nusu kaputi, na hiyo ina gharama na hatari zake. Kwa wale wa kostiki kuna mwanya ambao hautumiki: siku ya kupanuliwa umio mtoto analazwa usingizi kwa vyovyote. Omba wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, daktari wa meno aje chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Utaambiwa haijawahi kufanyika hapa. Omba tena.

Halafu kuna meno ya utoto kung'oka. Kuanzia miaka sita hivi, mtoto anayekula hucheza na jino linalolegea kwa ulimi hadi litoke, akalitema au akalimeza, na hakuna habari. Mtoto asiyemeza anaweza kulivuta kwa pumzi. Kwa hiyo kuanzia umri huo gusa meno ya mbele kila wiki unapopiga mswaki. Linalocheza sana ling'olewe kliniki, lisingoje usiku. Na ukiamka ukakuta pengo pasipo jino mtandikoni, kwenye mto wala sakafuni, usiseme amelimeza. Mpeleke siku hiyohiyo akapigwe picha ya kifua.